Uliza Mama Muuguzi: Ameacha sigara, sasa dawa inamlaza

Mama Muuguzi, jambo sana. Nakuandikia kutoka Kadutu, hapa Bukavu. Bwana yangu ni fundi cherehani, ana miaka 38. Huu ni mwaka wa sita tangu dokta aandike kwenye karatasi yake neno *bipolaire*, ugonjwa wa akili wa kupanda, yaani kuchangamka kupita kiasi, na kushuka kwa huzuni nzito. Anakunywa olanzapine kila jioni, na valproate asubuhi na jioni. Miaka miwili hii hajapanda hata mara moja. Mara ya mwisho alipopanda alikopa vitenge vya jumla sokoni, akashona siku nne usiku na mchana, halafu akawagawia wapita njia bure. Deni lile tulilimaliza mwaka jana kwa makuta ya mandazi yangu.

Sigara alikuwa anakunywa pakiti moja kwa siku, tangu ujana. Wiki mbili zilizopita, siku ya Jumatatu, aliamka akavunjavunja zilizobaki, akazitupa chooni, akasema basi. Nilifurahi hadi nikalia. Siku za kwanza alikuwa mkali kama pilipili, sahani ya sombe aliisukuma hadi ukutani kwa sababu ya chumvi. Nikavumilia. Lakini kuanzia wiki ya pili mambo yamegeuka. Akimeza dawa saa mbili usiku analala kama gogo hadi saa nne asubuhi. Akiamka anapepesuka, mdomo mkavu, anasema kichwa kimejaa pamba. Juzi alishona suruali ya mteja, mguu mmoja ndani nje. Ili achangamke anakunywa kahawa, chupa nzima kabla ya adhuhuri, nyingine baadaye. Mchana moyo unamdunda na mikono inatetemeka hata kutia uzi kwenye sindano inakuwa kazi.

Mamamkwe, tunayeishi naye, anasema: "Sigara ameacha, aache na dawa, mwili usafike wote." Shemeji aliye Ubelgiji ametuma kwa msafiri vidonge vya kuachisha sigara, vimeandikwa bupropion. Nimevificha ndani ya mfuko wa mchele. Na mimi, nisikufiche, kila jioni nanusa mashati yake na kupekua mifuko. Juzi alinikuta nimeishika kola puani. Siku ya pili leo hajanisemesha. Mama, anashuka? Anapanda? Au ni uvivu? — *Mke wa fundi, Kadutu*

Binti yangu, uvivu uondoe kabisa kwenye orodha. Kupanda pia sioni. Ninachokiona katika barua yako ni mtu ambaye dawa imemzidi, na hakuna aliyemwongezea hata punje moja. Kidonge ni kile kile. Kilichobadilika ni ini lake.

Nieleze polepole, maana jambo hili hata sisi tuliovaa koti jeupe miaka mingi tulichelewa kulijua. Ndani ya ini kuna vimeng'enya, vibarua wadogo wadogo wanaovunjavunja dawa ili zitoke mwilini. Mmoja wao wataalamu wanamwita CYP1A2, na olanzapine ni moja ya mizigo yake. Moshi wa sigara una vitu vinavyolifanya ini liongeze vibarua wa aina hiyo. Angalia nimesema moshi. Nikotini yenyewe haimo katika kesi hii, na nitakuambia baadaye kwa nini ni muhimu. Basi mtu anayevuta pakiti kila siku anatembea na ini lenye vibarua tele. Dokta aliyempimia bwana yako dozi alimpimia huyo mvutaji. Sehemu ya kila kidonge ilikuwa inavunjwa mapema kuliko kwa mtu asiyevuta, na kilichobaki ndicho kilichomtuliza miaka miwili.

Jumatatu ile moshi ukakatika. Vibarua nao wakaanza kupungua siku baada ya siku, na kwa muda wa wiki moja hivi ini hurudi kwenye mwendo wake wa kawaida. Kidonge cha saa mbili usiku sasa kinakaa mwilini kirefu zaidi, kinalundikana juu ya cha jana. Ndiyo maana siku za kwanza ulipata mtu mkali, ambaye ni wa nikotini, na wiki ya pili ukapata gogo, ambalo ni la olanzapine. Ni watu wawili tofauti, usiwachanganye. Valproate haina shida hii, moshi hauigusi kwa kiasi cha kuhesabika.

Sasa nikuungamie jambo. Zamani, nilipokuwa nafanya kazi kwenye wodi ya wagonjwa wa akili, sitataja wapi, tulikuwa na mzee mmoja aliyerudi kwetu mara tatu kwa mwaka. Wodini sigara ilikuwa marufuku. Anakaa wiki tano, anatulia vizuri, anaenda nyumbani na dawa zake kwenye bahasha. Baada ya mwezi analetwa tena amefungwa kamba, anahubiri. Mke wake anaapa: dawa alimeza, nilimpa kwa mkono wangu. Mimi nilimgombeza yule mama mbele ya watu. Nilimwambia anadanganya, anauza dawa. Miaka ikapita, nikahudhuria mafunzo, mwalimu akachora ini ubaoni na sigara pembeni. Nilibaki nimekaa pale baada ya wenzangu kwenda kula. Yule mzee akitoka tu getini alikuwa anawasha ya kwanza, na kufika nyumbani anarudi pakiti mbili. Dozi tuliyompimia bila moshi, nyumbani ilikuwa inavunjwa mbio. Mama yule alikuwa anasema kweli. Sijui aliko, ningempigia magoti.

Kwa hiyo wewe utakachofanya wiki hii, usingoje tarehe ya miadi, ni kwenda naye kwa dokta anayemwandikia dawa. Hapa Bukavu tuna SOSAME, kituo cha wagonjwa wa akili cha Mabradha wa Upendo. Wenzetu wa Goma wana Tulizo Letu, na wa Lubumbashi wana kituo cha Joseph Guislain. Chukua karatasi ya daftari. Andika tarehe aliyoacha sigara. Andika alikuwa anakunywa ngapi kwa siku. Andika saa anayomeza dawa, saa anayolala, saa anayoamka, kwa siku tano hivi. Andika vikombe vya kahawa. Anza na ile tarehe, iseme hata kabla hujaulizwa, kwa sababu dokta mwenye foleni ya watu arobaini mlangoni hataiuliza. Yeye ndiye atakayeona kama apunguze olanzapine na kwa kiasi gani, na mara nyingi hupunguza kidogo kidogo huku akimtazama. Wewe usikate kidonge kwa kisu jikoni. Najua mkono unawasha. Usikate.

Ikitokea ukamwamsha asiamke vizuri, au anaanguka, au maneno yake hayaeleweki, au mwili umekakamaa na homa juu, hapo hakuna kungoja dokta wake. Kodi gari, nenda hospitali iliyo karibu saa hiyo hiyo, na pakiti za dawa mkononi.

Kahawa. Hapa nilicheka peke yangu, samahani, maana kahawa yetu ya Kivu haina utani, na bwana yako anakunywa chupa mbili. Kafeini inavunjwa na kibarua yule yule. Alipokuwa mvutaji, kikombe kilikuwa kinaisha mwilini mapema. Sasa kikombe hicho hicho kinakaa na kungojea kingine. Ile mikono inayotetemeka na moyo unaodunda, mimi ningeishtaki kahawa kwanza. Apunguze iwe nusu, na baada ya saa nane mchana asiiguse. Pika chai ya tangawizi, ijaze chupa ile ile, aendelee kuwa na kitu cha kumimina. Nusu, nimesema, na afanye kwa siku kadhaa. Akiikata yote siku moja kichwa kitampasuka na atakutafuta wewe.

Vile vidonge vya Ubelgiji. Umefanya vizuri kuvificha, ila panya na watoto hawaheshimu mfuko wa mchele. Bupropion inasaidia watu wengi kuacha sigara, hilo ni kweli, lakini kwa asili yake ni dawa ya huzuni, na dawa za huzuni zinaweza kumpandisha mtu mwenye ugonjwa wa bwana yako. Tena ina hatari ya kifafa kwa baadhi ya watu. Ipeleke kwa dokta ikiwa kwenye kopo lake, mwambie ilivyofika. Shemeji mshukuru kwa simu, alikuwa na nia njema. Zipo njia nyingine: viraka vya nikotini vya kubandika ngozini na ubani wa nikotini wa kutafuna, ambavyo Shirika la Afya Duniani liliviweka kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2009. Kumbuka nilivyosema, ini linaamshwa na moshi, kwa hiyo kiraka hakilirudishi kwenye kasi yake ya zamani. Hata akibandika, hesabu ya olanzapine inabaki ya mtu asiyevuta. Kuna pia kidonge kinachoitwa varenicline. Kwa miaka watu walikiogopa kwa wagonjwa wa akili, halafu mwaka 2016 ukatoka utafiti wa watu zaidi ya 8,000, karibu nusu yao wenye historia ya magonjwa hayo, na haukuonyesha kwamba kinawavuruga zaidi ya kidonge kisicho na dawa ndani. Kukipata huku kwetu ni habari nyingine. Na bwana yako, wiki mbili bila chochote, ameshapita mlima mkali. Ukali wa nikotini huwa mwingi wiki ya kwanza na hupungua hadi wiki ya tatu au ya nne. Pengine hatahitaji kitu.

Umeuliza kupanda na kushuka. Tazama usingizi, na umtazame yeye mwenyewe anauchukuliaje. Anayeacha sigara anautafuta usingizi na kuukosa, asubuhi ananung'unika. Anayepanda hautafuti. Analala muda wa saa tatu tu, anaamka anaimba, ana mipango kumi kabla ya uji. Tena ninyi mna alama yenu wenyewe, vitenge vya mkopo, na hiyo inazidi kitabu chochote. Bwana yako akiwa amechangamka vizuri, kaeni wawili muulizane: nikiona nini nikuambie? Nani nimwite? Kama atakubali, nendeni wote kwa yule mama wa vitenge mkamwambie asimkopeshe zaidi ya kipande kimoja bila wewe kujua. Akubali yeye, nimesema. Ukienda kwa siri utakuwa umemfunga kamba ya namna nyingine. Kushuka nako kuna sura yake: anaacha kula alichokipenda, anakaa gizani, anasema mngekuwa salama bila mimi. Neno kama hilo likitoka, usimwache peke yake, dawa zote za nyumbani ziweke mbali, na mpeleke siku hiyo.

Mamamkwe habishiwi mbele ya watu, wewe wajua. Wala si mjinga. Ameona kwa macho yake mwanawe amelazwa na dawa, akatafuta maana. Mchukue siku mnayokwenda kwa dokta. Amsikie dokta akieleza habari ya ini kwa mdomo wake, na umwombe dokta aseme wazi kwamba olanzapine ikiachwa ghafla mwanawe anaweza kupanda tena. Ukishampa mama mkwe kazi, kwa mfano kuangalia kidonge cha saa mbili, utashangaa. Atakuwa mkali kwa dawa kuliko muuguzi.

Sasa kola ya shati.

Marehemu bwana yangu alikuwa anakunywa tumbaku ya kukunja mwenyewe, ile kali. Kila mwaka alikuwa anaacha. Nami kila jioni nilimsogelea nikijifanya namtoa uzi begani, nanusa. Alijua. Akawa anaficha tumbaku kwenye banda la kuku, ndani ya kopo la maziwa ya unga, na kabla hajaingia ndani anatafuna majani ya mpera. Miaka tisa tulicheza mchezo huo. Aliyepata faida ni kuku, walikuwa wanatembelewa sana. Siku nilipochoka nikamwambia, sinusi tena, ukivuta niambie tu, sitasema neno. Wiki ile ile akaniambia mwenyewe: leo mbili. Nikasema haya, chakula kiko mezani. Hakuacha siku hiyo. Aliacha mwaka uliofuata, na kopo la banda akaniletea kwa mkono wake.

Kwako wewe jambo hili lina uzito zaidi ya ndoa. Fikiri: dokta amempunguzia olanzapine, na bwana yako kwa aibu amerudia pakiti kwa siri nyuma ya ateliye. Ini linarejesha vibarua, dozi iliyopunguzwa inakuwa ndogo, na mtakuja kushtuka ameshakopa vitenge. Mtu anayenuswa huficha. Wewe unahitaji mtu atakayesema. Sigara moja ya kuteleza, au mbili, hailirudishi ini lilikokuwa. Akirudia kila siku, hata bila kufika pakiti, dokta aambiwe. Kwa mvutaji wa kila siku sigara kama saba hadi kumi na mbili zinatosha kuliamsha ini karibu lote. Ndiyo maana pia mtu anayepunguza kutoka ishirini hadi kumi na mbili haoni tofauti ya dawa, akifika sifuri ndipo gogo linaanguka.

Kwa hiyo jioni hii mpikie sambaza, uzikaange zikauke anavyopenda, ukae naye. Umwambie: nilikosea kunusa shati lako, niliogopa. Kisha umweleze habari ya ini. Nadhani atapumua, maana nina hakika naye anajiuliza kwa nini ameacha kitu kibaya na mwili umekuwa mzito. Wanaume wengi hurudia sigara wiki ya pili kwa sababu hiyo tu, wakisema "ilikuwa inanichangamsha".

Vitu vidogo vya ateliye. Fundi ana saa zake za kuvuta: akimaliza nguo moja kabla hajakata nyingine, akitoka nje kunyoosha mgongo, jirani akiita. Hamu ikija kwa nguvu hukaa dakika chache tu kisha hushuka. Ampe jirani taarifa, atoke nje vile vile lakini na mswaki wa mti mdomoni, au kipande cha tangawizi. Njaa itamsumbua, kwa kuwa kuacha sigara kunaleta njaa na olanzapine nayo inaleta njaa. Mandazi ya biashara yaondoe karibu yake usiku, mwekee hindi la kuchoma. Kasiksi na bia vipungue kwa sasa, vinamwongezea usingizi juu ya usingizi, na ni pale kwenye chupa ndipo mtu huomba sigara ya kwanza. Makuta ya pakiti yatie kwenye kopo lenye tundu, wewe mfanyabiashara huhitaji kufundishwa.

Na jambo moja la nyakati zetu hizi. Barabara zikifungwa au farmasi zikikauka, dawa za akili hutoweka mapema. Mwombe dokta awe anaandika ya kutosha ili nyumbani pasikose akiba ya wiki mbili. Isikae kwenye mchele.

Mama, mimi niko Katuba, Lubumbashi. Nina ugonjwa huo huo wa baipola. Kila mtu ananiambia niache sigara, lakini ndiyo peke yake inayonituliza. Nikikaa saa mbili bila, nachanganyikiwa. Nikiacha si nitapanda? — *Kijana wa Katuba*

Kijana wangu, hebu hesabu. Saa mbili bila sigara unachanganyikiwa, unavuta, unatulia. Kilichokuchanganya ni upungufu wa nikotini, na kilichokutuliza ni nikotini hiyo hiyo. Mwenye nyumba aliyekukata maji ndiye anayekuuzia ndoo. Tafiti zilizofuatilia watu walioacha, hata wale wenye magonjwa ya akili, zimewakuta baada ya wiki kadhaa wakiwa na wasiwasi na huzuni pungufu kuliko walivyokuwa wakivuta. Usiache ukiwa juu wala ukiwa chini kabisa. Chagua kipindi umetulia, mwambie dokta wako tarehe kabla, na umwonyeshe majina ya dawa zako zote. Kama kati yake kuna olanzapine au clozapine, soma jibu la mke wa fundi mara mbili. Clozapine ni kali zaidi katika jambo hili, huko tarehe ya kuacha hupangwa na dokta kabisa.

Mama Muuguzi, salamu kutoka Goma. Mke wangu anameza lithium, dawa ya kutuliza kupanda na kushuka, asubuhi moja na jioni moja, mwaka wa nne. Ameacha sigara mwezi uliopita, na kwa furaha akaacha na kahawa siku hiyo hiyo, akasema anaanza maisha mapya. Anakula bila chumvi pia, apunguze mwili. Ana shida ya mgongo kwa ajili ya kubeba madumu ya maji, muuza dawa wa jirani alimpa diklofenaki. Wiki hii ana kuhara na mikono inatetemeka kuliko zamani. Je, ni ini, kama ulivyowahi kusema? — *Mume, Katindo*

Baba wa Katindo, hapana, na barua yako imenifanya nisimame. Lithium haipiti kwenye ini, inatoka kwa figo, nayo moshi hauihusu. Ila umenitajia mambo manne kwa pumzi moja na yote manne yanaipandisha damuni. Kahawa huzifanya figo zitoe lithium. Ikikatwa ghafla, inabaki. Chumvi ikipungua, figo zinashika lithium badala yake. Kuhara kunamaliza maji na chumvi. Na diklofenaki, sawa na ibuprofen, inazizuia figo zisiitoe. Lithium haina nafasi kubwa kati ya kiasi kinachotibu na kiasi kinachodhuru, ndiyo sababu hupimwa damu.

Diklofenaki aache leo. Mgongo upewe paracetamol na madumu ayabebe mtu mwingine. Anywe maji, chumvi irudi kwenye chakula kama zamani. Kutetemeka pamoja na kuhara si jambo la kusubiri: mpeleke leo hospitali, mseme neno lithium mlangoni, na mtaje saa aliyomeza ya mwisho, kwa sababu kipimo husomwa vizuri saa kumi na mbili baada ya kidonge. Kidonge cha jioni asimeze hadi dokta amwone. Akianza kutapika, kutembea kama mlevi au ulimi kuwa mzito mkiwa njiani, piteni foleni, hata kama watu watawatukana.

Kahawa kikombe kimoja anaweza kurudia, baadaye, damu ikishasomwa.